Mafuta ya Cucu Ndani ya Sabuni

Mjukuu wangu Njeri alinijia Jumapili iliyopita akiwa na sufuria, mizani ndogo ya jikoni na chupa ya mafuta ya mbarika aliyonunua Ruiru. Anasomea kemia hapo Juja, na kanisa lao limemwomba awafundishe akina mama wa Kamakis kutengeneza sabuni. Kutengeneza anajua. Kilichomleta kwangu ni maneno. "Cucu, wewe Kiswahili chako ni ile ya zamani, nisaidie," aliniambia. "Hizi vitu nimezisoma kwa Kizungu tu. Nikisimama mbele ya wale wamama nitasema nini?" Nikamwambia aseme sabuni. Hakucheka.

Alikuwa ameyatafuta maneno na kuyaweka kwenye simu, akanisomea huku akipima mafuta. Mchanganyiko, akasema, ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana, kila kimoja na tabia yake, na ukitaka unaweza kuvitenga tena. Usanisi ni kuviunganisha vitu mpaka kizaliwe kitu kipya ambacho hakikuwepo. Mtengano ni kitu kuvunjika. Uchanganuzi ni kukichunguza kitu ujue kimeundwa na nini. Aliniuliza kama mama wa kawaida angeelewa. Mimi nilikuwa nimeshafungua ile chupa na kuitia puani, na kwa muda sikumsikia.

Mafuta ya mbarika ya siku hizi hayana moshi. Yamechujwa mpaka yakakosa adabu. Lakini chini kabisa ile harufu nzito bado ipo, ya kitu kilichokaangwa kikapondwa, na ilinitosha kunirudisha katika nyumba moja ya udongo upande wa Ruiru, kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia juu ya meko ya cucu yangu mimi, bibi aliyemzaa baba. Kama ningetaka kumsaidia Njeri na maneno yake, ningemweleza habari za kibuyu hicho. Sikumweleza siku ile kwa sababu alikuwa na haraka, na vijana wakiwa na haraka huwezi kuwapa kitu kirefu.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kati ya Ruiru na Thika wakati wa Hali ya Hatari hamhitaji kuelezwa kijiji cha handaki, kile tulichohamishiwa kwa nguvu kikazungushiwa mtaro. Nyumba zilikuwa zimebanana hata jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka. Kabla ya hapo tulikuwa na boma letu juu ya kilima, lenye mibarika nyuma ya ghala, na sasa tulikuwa wanne katika chumba kimoja: cucu, mama, mimi, na mdogo wangu Kamau aliyekuwa bado mgongoni. Baba hakuwepo. Alikuwa kizuizini, na watoto hatukuambiwa zaidi ya kwamba yuko mbali na atarudi.

Baba alikuwa akifanya kazi Thika, kwenye kiwanda kilichochemsha magome ya miti ya miwati kutoa dawa ya kulainisha ngozi za wanyama. Alirudi nyumbani Jumamosi akinuka magome, harufu chungu inayokausha ulimi, na alianza kuniita akiwa bado barabarani. Aliniita "maitu," yaani mama, kwa kuwa mimi nilipewa jina la mama yake kama desturi yetu inavyotaka. Mtu mzima mwenye ndevu kumwita mtoto mama yake, na kwa sauti ile, lilikuwa jambo la kunifurahisha kuliko sukari. Alipochukuliwa, ile sauti ndiyo niliyoikosa kabla sijamkosa yeye mwenyewe.

Sasa kibuyu. Msimu wa mwisho tukiwa kilimani, cucu alichuma mbarika zake, akazikaanga, akazisaga juu ya jiwe, akazichemsha kutwa nzima na kuyaengua mafuta kwa kijiko cha mti. Katika nyumba yake kulikuwa na sharti. Mwanawe akitoka safari ndefu hawezi kuingia wala kula chini ya dari yake kabla hajampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja, na yawe mafuta aliyoyatengeneza kwa mikono yake. Ya dukani hayakubaliki, ya jirani hayakubaliki. Na kule kilimani hatukuruhusiwa kurudi tena, wala katika kile kijiji kipya hapakuwa na hata mche wa mbarika. Kwa hiyo kilichokuwa kibuyuni kilikuwa cha baba. Cucu alikipangusa moshi kila asubuhi na jioni, na nilijua, bila kuambiwa, kwamba kupangusa kule ndiyo ilikuwa sala yake.

Kisha Kamau akapata upele. Watoto wengi kijijini walikuwa nao, lakini wa Kamau ulishika vidole, kwapa na makalio, akajikuna mpaka damu, na hakulala wala hakutuacha tulale. Dada mdogo wa mama, Tata Wambui, alikuwa amesoma kidogo shule ya misheni, na alikuwa akiwafundisha wanawake wa kijiji kusuka, kushona na kuchemsha sabuni. Alimwambia mama kwamba mtoto huyu aoshwe kwa sabuni kila siku, na nguo zake zichemshwe. Sabuni yenyewe ndiyo ilikuwa taabu. Kostiki ilipatikana, ile soda nyeupe ichomayo, Tata alikuwa na kopo lake. Mafuta hayakupatikana. Mwenye bucha alikuwa akitoa shahamu kidogo tu, na wanawake waliotaka walikuwa wengi.

Tata Wambui alikuwa mwalimu aliyependa kuonyesha kuliko kusema. Siku moja kabla ya sabuni alitukusanya watoto ili tusiwasumbue mama zetu, akatia chumvi katika kopo la maji, akakoroga, akatuuliza chumvi iko wapi. Tukasema imeisha. Akatuonjesha. Kisha akaliweka kopo motoni tukangoja, tukichekana, mpaka maji yakakauka na ukabaki ukoko mweupe chini. Akaukwangua kwa ukucha, akatupa tulambe.

"Mmeona?" alisema. "Ilichanganyika tu. Haikwenda popote. Ukiwa na subira inarudi vile vile ilivyokuwa."

Sijui watoto wengine walielewa nini. Mimi nilielewa kwamba baba atarudi vile vile alivyokuwa. Nilielewa kwa nguvu sana, ulimi wangu ukiwa bado una chumvi, na nikatoka pale nikiwa mtu mwenye siri nzuri. Ndani ya umati wote ule wa watu waliochukuliwa, baba alikuwa amechanganyika tu, na maji yangekauka.

Siku ya sabuni, cucu alikuwa ameenda kuchuma kahawa kwenye shamba la mzungu. Wanawake walikuwa wamewasha moto nyuma ya nyumba ya Tata, na zamu ya mama ilipofika, shahamu yake ilikuwa haijai hata bakuli. Tata akaangalia akatingisha kichwa, akasema haitashika. Mama alisimama kidogo, Kamau mgongoni akilia na kujisugua kwenye nguo. Akaenda nyumbani. Aliporudi alikuwa na kibuyu. Hakuniangalia wala hakumwangalia mtu. Aliyamimina mafuta yote katika sufuria, akakishika kibuyu kichwa chini mpaka tone la mwisho likatoka polepole.

Nilikaa pale nikitazama mafuta ya dhahabu yakigeuka kuwa uji, na uji ukiwa mzito na mweupe. Mwanamke mmoja alirukiwa na kostiki kidoleni. Tata akamwosha kwa maji mengi, kisha akamkamulia ndimu, akasema, "Ndimu inaua kostiki." Na alipoona nimetoa macho, akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu, "Hii si kama ile chumvi, unasikia? Hapa hawakai pamoja tu. Wanaungana, wanakuwa kitu kingine." Nilisema ndiyo. Maneno yaliingia sikio moja yakatokea lingine, maana moyoni nilishaamua dunia yote ni chumvi.

Cucu alirudi jioni, akanyoosha mkono kukipangusa kibuyu, na mkono ukajua kabla ya macho. Alikitingisha. Akakishusha, akakaa nacho mapajani.

"Kumbe umeshamzika," alimwambia mama.

"Mtoto alikuwa anajikuna damu, maitu. Wewe mwenyewe umemwona."

"Mtu akimngoja mume hatumii mafuta yake."

Nilitaka mama aseme kitu, aseme hata uongo, lakini aligeuka akaendelea kumenya viazi. Tangu jioni hiyo cucu hakumsemesha tena. Alisema kupitia kwangu. "Mwambie mama yako chumvi imeisha." "Mwambie mama yako mtoto ameamka." Na mama alikuwa pale pale, ungeweza kumgusa kwa mkono. Mama naye akawa ananijibu mimi, na mimi nikawa daraja la watu wawili wasiotaka kuvuka. Nyumba ndogo ikiwa na kimya cha namna hiyo, hata kula kunakuwa kazi. Niliogopa, na ninaweza kusema niliogopa nini: kwamba cucu alikuwa sahihi, na kwamba mama ameshajua jambo ambalo sisi hatukuambiwa.

Dawa niliiona ni nyepesi. Mafuta yamo ndani ya sabuni, kama chumvi ndani ya maji. Yatolewe, yarudishwe kibuyuni, na mambo yaishe. Nilimwambia cucu asiwe na wasiwasi, mafuta yake yamo na nitayatoa. Alinitazama, akasema, "Haya, maitu wa watu, yatoe." Hakuwa akinidhihaki. Nadhani mtu mwenye huzuni huacha mlango wazi hata kwa mtoto.

Nilichukua kipande cha sabuni, nikakikata vipande vidogo na kukichemsha katika kopo. Nilipata povu. Nikachemsha mpaka maji yakakauka, nikapata sabuni, ile ile, mbaya zaidi kwa sura. Ndipo nikakumbuka ndimu. Kama ndimu inaua kostiki, basi nikiiua kostiki iliyoyashika mafuta, mafuta yatabaki peke yake. Hata leo naona hiyo ilikuwa hesabu nzuri. Niliiyeyusha sabuni upya nikakamua ndimu, na mbele ya macho yangu maji yakawa kama maziwa yaliyoganda, na juu ukaelea utando mweupe wenye mafuta. Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akauliza kuna nini.

Nilimpelekea cucu mezani, yaani juu ya kigoda chake, kwenye jani la mgomba. Alichota kwa kidole akajipaka mkononi, akasugua, akanusa. Kile kitu kiliganda juu ya ngozi yake kama mafuta ya nyama baridi, na hakikung'aa.

"Haya si yangu," alisema.

"Ni yako, cucu. Yametoka mle."

"Yametoka mle, ndiyo. Lakini si yangu." Akajifuta polepole kwa lile jani, akanipa nikalitupe.

Nilikwenda kwa Tata Wambui nikilia. Aliniacha nilie kwanza. Kisha akaniuliza, "Ukishapika ugali, unaweza kurudisha unga?" Nikasema nikiukausha nikausaga. "Utapata ugali uliosagwa," alisema. "Ukiuvunja vunja utapata vitu, lakini hutapata ule unga. Kuna vitu vikishakuwa vimekuwa." Hakuwa na maneno ya Njeri, usanisi na mtengano, lakini alikuwa ameshanipa yote mawili kwa ugali. Na mimi, badala ya kufikiria mafuta, nilimfikiria baba. Kama dunia si chumvi, basi nani ataniambia ni nini kitakachorudi?

Kamau alipona. Kwanza vidole, halafu kwingine, ngozi ikabaki na madoa meupe yaliyofifia. Alianza kulala, na sisi tukalala. Cucu hakusema lolote juu ya jambo hilo. Lakini mama akienda mtoni, nilimwona cucu akimvua Kamau na kumwosha mwenyewe kwa ile sabuni, akimsugua katikati ya vidole taratibu, na akisikia nyayo anairudisha sabuni pale ilipokuwa. Mama aliitumia kwa ubahili. Kipande cha mwisho alikifunga katika jani la mgomba kavu akakiweka juu, chini ya nyasi za paa, na kibuyu kitupu kilibaki kimening'inia pale pale. Hakuna aliyekishusha. Cucu aliendelea kukipangusa.

Baba alirudi mchana mmoja wa manyunyu, tukiwa tunachagua maharagwe. Sikumsikia akiniita kutoka barabarani. Nilimwona tu mtu amesimama mlangoni, amevua kofia ameishika kwa mikono miwili, amekonda shingo, nywele zimenyolewa chini kabisa.

"Naweza kuingia?" aliuliza.

Katika nyumba ya mama yake. Mama aliinuka na maharagwe yakamwagika yote. Kamau, ambaye hakumjua, alianza kulia. Mtu yule akanitazama, akasema, "Maitu," kwa sauti ndogo ya mtu anayejaribu neno kama bado linafanya kazi. Nikajificha nyuma ya mama. Hakunuka magome. Alinuka moshi wa basi na nguo za wengine. Nilikuwa nimemngoja mtu mwingine, na niliona aibu, kwa sababu niliona kabisa kwamba huyu ndiye, na hakuna mwingine atakayekuja baada yake. Nilimpenda hivyo hivyo, lakini hiyo ilikuja baadaye, pole pole, na ilikuwa upendo mwingine.

Cucu alikuwa amesimama. Mkono wake ulipanda juu wenyewe, kwa mazoea, ukakigusa kibuyu. Ukakaa pale. Nilimwona akikumbuka. Baba alikuwa bado nje ya kizingiti, manyunyu yakimwangukia mabegani, kwa kuwa alilijua sharti la nyumba ile na alikuwa akingoja mafuta.

Mama alinyoosha mkono kwenye paa akatoa lile jani kavu. Akalifungua. Alimsogelea cucu, akampa kile kipande cha sabuni kwa mikono miwili kama unavyompa mgeni maji. Cucu alikitazama. Nikamwona akimtazama Kamau pia, vidole vyake safi alivyokuwa ametia mdomoni. Kisha akakichukua.

Alikiweka kigoda kwenye kizingiti, nusu ndani nusu nje, akamwambia mwanawe aketi. Akamimina maji kwenye karai. Alimwosha paji la uso kwanza, halafu viganja, halafu kichwa chote, na povu likashuka shingoni likiwa jeupe sana. Maneno aliyoyasema yalikuwa yale yale ya mafuta, nimewahi kuyasikia: umetoka, umerudi, mlango unakujua, moto unakujua. Baba alikuwa amefumba macho. Sikujua kama ni sabuni au ni machozi, na sikutaka kujua.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Nilikuwa nimepata elimu, na elimu ilinisumbua. Nikamsogelea cucu nikamnong'oneza, ili asije akakosea sharti bila kujua, "Cucu, mafuta hayamo tena humo."

Hakuacha kuosha. "Na wewe ulidhani yameenda wapi?" alisema.

Maji ya karai yalikuwa yameshakuwa machafu, na kichwa cha baba bado kilikuwa na povu. Nilingoja aniambie nimwambie mama yangu. Nilikuwa tayari nimegeuka kumkabili mama ili niupeleke ujumbe.

"Nyambura," cucu alisema, akimwangalia mama mwenyewe juu ya kichwa changu, "maji yanaisha. Niletee mengine."

Mama alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akaliinua debe.

"Ndiyo, maitu," alisema, akaenda kuleta maji.